Kichala cha Zambarau

Anaishika sahani kwa ncha za vidole na kuielekeza dirishani. Kwa mtazamo wa kwanza hatumii taa ya mezani. Mwanga wa asubuhi, anasema, hauongezi wala haupunguzi. Sahani yenyewe ni ya plastiki, ukubwa wa kisahani cha kikombe cha kahawa, na ndani yake kuna tabaka jekundu la damu ya kondoo iliyoganda pamoja na agari. Juu ya wekundu huo vimetokea vidoa. Upande mmoja vimebanana kama dagaa jamvini, halafu vinapungua, vinaachana, mpaka upande wa mwisho kila kidoa kimekaa peke yake, cha mviringo, kimetuna kidogo, kinang'aa, rangi ya siagi inayoelekea dhahabu. Anaiinamisha sahani taratibu, kama mama anayekagua kitenge kabla hajalipa. Kuzunguka kila kidoa wekundu umetoweka. Pamebaki duara dogo linalopitisha mwanga, mahali ambapo mdudu amezipasua chembe za damu.

"Umeliona duara?" akaniuliza.

Sikuwa nimeliona mpaka aliponiambia. Nilikaa naye asubuhi tano katika maabara ya hospitali moja kubwa hapa Tanzania, kwa ruhusa ya wakubwa wake, nimevaa koti jeupe la kuazima na nimekatazwa kugusa chochote. Ana miaka hamsini na kitu, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameimaliza kwenye benchi hilo la kuotesha vimelea. Kazini wote wanamwita Mama, hata madaktari. Nami nilimwamkia hivyo siku ya kwanza. Akaitikia, "Marahaba, baba," akanionyesha kigoda na kuendelea na kazi.

Ule upande wa mwisho wa sahani, ambako vidoa vimeachana, ndiko ufundi unakoonekana. Sampuli ya mgonjwa mara nyingi huja na mchanganyiko: yule aliyemdhuru, pamoja na wakazi wa kawaida wa ngozi au koo wasio na hatia. Wakiota wote kwa pamoja, hutambui nani ni nani. Kwa hiyo Mama huchukua kitanzi cha waya, wenyewe wanakiita lupu, anakichoma motoni mpaka kiwe chekundu, anakipoza kwa kukigusisha ukingo wa agari, ndipo anachukua tone na kulipaka kona moja ya sahani. Anakichoma tena. Anaigeuza sahani robo, anapitisha kitanzi kwenye mpako wa kwanza na kuuvuta kwenda mahali papya. Anachoma tena, anageuza tena. Kila zamu anabeba wachache zaidi, na zamu ya nne anawaacha njiani mmoja mmoja. Bakteria aliyeachwa peke yake kwenye chakula na joto la nyuzi 35 huweza kugawanyika kila nusu saa, wengine chini ya hapo. Kesho yake asubuhi amekuwa mamilioni, ukoo mmoja usiochanganyika, unaoonekana kwa macho kama kidoa kimoja.

Kijana wa mafunzo aliyekaa pembeni alikuwa anajaribu mpako wake wa kwanza, na waya ukachana agari kama kucha inayokwaruza sabuni. Mama hakumkemea. Alimshika kifundo cha mkono mpaka ukalegea.

"Usikwangue, mwanangu. Unampaka mtoto mafuta, hulimi."

Agari hiyo asili yake ni jikoni, na jambo hilo linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Robert Koch na wenzake huko Ujerumani walikuwa wakiotesha bakteria juu ya jelatini, ambayo kiangazi kikifika huyeyuka, na bakteria wengine huila mpaka ikawa maji. Mke wa mmoja wa wanafunzi wake, Fanny Hesse, aliyekuwa pia msaidizi wa mumewe katika maabara, alikuwa akigandishia jeli zake za matunda kwa agari, maarifa aliyoyapata kwa majirani waliowahi kuishi Java. Mwaka 1881 akashauri waijaribu. Agari huyeyuka ikikaribia kuchemka, haigandi mpaka ipoe kufikia nyuzi 40 hivi, na ikishaganda hukaa imara ndani ya kabati la joto. Koch aliitaja agari katika maandishi yake ya 1882 bila kulitaja jina la mama huyo. Agari hupatikana kutoka kwa mwani mwekundu. Mwani ambao akina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiulima tangu 1989, wakiinama kwenye vigingi vyao maji yanapokupwa, hutoa karagini, ndugu wa agari. Kwa hiyo hata huko maabara, kwenye harufu ya dawa na mashine zinazovuma, kuna kitu cha baharini ambacho mtu wa pwani angekitambua ukoo wake.

Nilifika kwa Mama kwa sababu ya mtoto wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba. Homa ilimshika wiki tatu. Mahali pa kwanza tuliambiwa malaria, akanywa dawa. Homa ikashuka, ikarudi. Mahali pa pili wakachukua tone la damu, wakasema taifodi, akachomwa sindano siku tano. Ikashuka, ikarudi. Mahali pa tatu wakasema UTI. Tulikuwa na bahasha ya majibu nene kama daftari la shule, na kila karatasi ilikuwa na jina lake la ugonjwa. Mtoto alikuwa akichechemea kidogo. Tukasema ni zile sindano, au mpira.

Homa peke yake haimtaji aliyeileta. Watafiti waliowafuatilia watu 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 walikuta watu 528 wameandikiwa malaria. Walipopimwa kwa uhakika, malaria ilikuwa ndiyo chanzo kwa 14 tu. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, kuanzia 1998 hospitali ilikuwa ikiotesha damu ya watoto wanaolazwa, na matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kuwa kwa zaidi kidogo ya robo ya watoto waliofia hospitalini, damu ilikuwa na bakteria. Wengi wao walifariki ndani ya siku mbili tangu kufika, kabla sahani haijaweza kusomwa. Na kile kipimo cha taifodi kinachotegemewa sana mitaani kwetu, cha Widal, kilichoanzishwa 1896, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kumbukumbu ambayo mwili umejiwekea, na kumbukumbu hiyo inaweza kuwa ya mwaka juzi, au ya mdudu mwingine anayefanana naye. Nani aliwahi kutuambia hivyo, sisi tuliokuwa tukilipa kila mara?

Hospitali kubwa tulipokelewa na muuguzi mwenye umri wa dada yangu mkubwa. Kabla ya dawa yoyote, alisema, damu iende ikaoteshwe, kwa sababu dozi moja tu ya antibiotiki inaweza kuwanyamazisha wadudu wasiote na huku mwilini wapo. Akamfunga mtoto mkono, akautafuta mshipa kwa kidole, kisha akasafisha ngozi kwa spiriti yenye dawa. Halafu hakufanya kitu. Alisimama na sindano mkononi, akiitazama ngozi ikikauka. Mtoto analia, dada yangu analia, mimi nimesimama kama ng'ombe aliyenyeshewa, na yeye anasubiri. Nilihesabu moyoni nikafika thelathini na kitu. Ndipo akachoma, bila kuigusa tena ile ngozi. Akafuta kizibo cha chupa kwa spiriti nyingine, nacho akakingoja kikauke, akatia damu.

Kisha akahamia mkono wa pili.

"Dada, si umeshapata?" nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya upole.

"Nimepata, mjomba. Naomba univumilie. Hii ya pili ndiyo itakayoniambia kama ya kwanza ni kweli."

Sikumwelewa. Nilimwona mkatili. Nimekuja kumwelewa kwenye kigoda cha Mama, na tangu hapo sijaacha kumfikiria.

Chupa za damu hukaa ndani ya mashine yenye joto la mwili, inayopima kila dakika kumi kama kuna kitu kinachopumua humo ndani na kutoa hewa ya ukaa. Pasipo na mashine, mtu huziinua chupa kila siku kwenye mwanga akitafuta ukungu, mapovu, au damu iliyobadilika rangi. Mama alifanya hivyo miaka mingi na bado huinua chupa hata mashine ikishalia. Damu ya mtu mzima mgonjwa inaweza kuwa na bakteria mmoja tu katika kila mililita, ndiyo maana mtu mzima huchukuliwa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Ukichukua kidogo umemkosa, na umempa daktari jibu linalosema hayupo. Damu ya mpwa wangu ilichukuliwa saa tisa alasiri. Mashine ililia alfajiri, chupa zote mbili.

Kazi ya kwanza hapo ni rangi ya Gram. Nimemwona Mama akiifanya pengine mara ishirini na sijachoka kuitazama. Tone moja juu ya kioo, linatandazwa jembamba, linakauka, linapitishwa kwenye moto mara mbili tatu ili lishike. Zambarau inamwagwa, dakika moja. Maji. Ayodini, dakika nyingine. Hii ndiyo inayoifunga zambarau ndani ya ukuta wa bakteria. Kisha inakuja spiriti, na hapa Mama huacha kuzungumza. Anaiinamisha slaidi na kuidondoshea, macho yake yakifuata maji yanayochuruzika ukingoni: zambarau nzito, zambarau hafifu, karibu weupe, basi. Anaisuuza papo hapo. Ni sekunde chache. Akichelewa, hata wenye ukuta mnene watapauka na kudhaniwa wengine. Akiwahi, wote watabaki zambarau. Mwisho hutiwa rangi nyekundu, ili waliopauka nao waonekane. Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyekuwa Berlin, aliitoa njia hii mwaka 1884 akitafuta namna ya kuwaona bakteria kwenye mapafu ya marehemu wa kichomi. Zaidi ya miaka 140 baadaye bado ndilo swali la kwanza linaloulizwa katika maabara za dunia nzima, na sekunde zile za spiriti bado ziko machoni pa mtu.

Alinitafutia slaidi ya mfano inayofanana na ile ya mpwa wangu, akanisogezea hadubini. Nilizungusha kirungu taratibu, ukungu ukajikusanya, na ghafla wakawepo: viduara vya zambarau vimeshikana, vichala kwa vichala. Mtu wa Dodoma angesema zabibu bila kufundishwa. Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, aliwaona hivyo kwenye usaha, na mwaka 1882 akawapa jina kutokana na neno la Kigiriki la kichala cha zabibu, stafilokoki.

Zabibu hizi ndizo zinazotenganisha fundi na anayekariri. Vichala vya zambarau vinaweza kuwa *Staphylococcus aureus*, anayeua. Vinaweza pia kuwa ndugu zake wapole wanaoishi juu ya ngozi yangu na yako saa hii tunapozungumza, walioingia chupani kwa sababu mtu hakuifuta ngozi vizuri, au aliifuta na hakungoja ikauke. Chini ya hadubini wanafanana kabisa. Ukimwambia daktari "ni wa ngozi, puuza," unaweza kumzika mtoto. Ukimwambia "ni muuaji" kumbe ni mgeni, mtoto atakaa wiki kadhaa na sindano za dawa asizozihitaji.

Mama hakubahatisha. Alipiga simu wodini saa moja asubuhi na kusema alichokiona, bila kuzidisha: chupa mbili, mikono miwili, Gram chanya, vichala. Dawa ikaanza kwa kuzingatia hilo. Wageni wa ngozi ni nadra kuingia mikono yote miwili iliyosafishwa namna ile, kwa hiyo yule muuguzi na sekunde zake thelathini alikuwa tayari ameshajibu nusu ya swali. Nusu iliyobaki ilijibiwa na plazima. Walipoota, Mama alichanganya kidoa kimoja na plazima kwenye kijibomba cha kioo, akakiweka kwenye joto. *Aureus* ana kimeng'enya kinachogandisha plazima. Ndugu zake wa ngozini kwa kawaida hawana. Baada ya saa nne hukiinamisha kijibomba. Nimeona kimoja kikiinamishwa: kilichokuwa maji kimesimama kama uji uliopoa, hakimwagiki.

Jina hilo lilipofika wodini, daktari hakutazama tena bahasha yetu. Alirudi kwa mtoto. Mdudu huyu akiwa kwenye damu huwa ametoka mahali au anaelekea mahali: mfupa, kiungo, moyo, jipu lililojificha. Alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, kuanzia kifundoni kupanda juu, na chini kidogo ya goti mtoto akapiga ukelele uliofanya wodi nzima igeuke. Wiki tatu tulikuwa tunauona mguu ule ukichechemea. Picha ikapigwa, usaha ukatolewa mfupani na daktari wa upasuaji, na usaha nao ukapelekwa kwa Mama, akaotesha mdudu yuleyule.

Kabla ya hapo aliulizwa swali la pili: dawa gani? Anachukua vidoa, anavikoroga kwenye maji ya chumvi mpaka uchafukaji ulingane na kipimo chake, akiangalia mistari myeusi ya kadi kupitia kijibomba. Ndani ya robo saa anavipaka sahani nzima kwa kijiti cha pamba, njia tatu, bila kuacha mwanya. Anaweka vidonge vya karatasi vyenye dawa. Agari yenyewe iwe na kina cha milimita 4. Ikizidi, dawa inazama na duara linakuwa dogo, ikipungua duara linadanganya kwa ukubwa. Asubuhi anapima kwa rula mahali ambapo hapakuota kitu. Kwa mdudu huyu na kidonge cha sefoksitini, mpaka ni milimita 22. Wa mpwa wangu alivuka, ikamaanisha kloksasilini ingemfaa, dawa ya kawaida isiyo ghali. Kwenye sampuli za vidonda na damu zinazopita hapo sasa, mara nyingi duara ni dogo au halipo, na nimemwona Mama akipima mara mbili, mara tatu, kana kwamba rula ingemhurumia mtu. Mwaka 2019 inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Kwenye benchi lake usugu huo una sura: sahani iliyoota mpaka ukingoni mwa kidonge.

Sehemu ya kazi yake ambayo watu hawaipendi ni kukataa. Siku ya tatu mhudumu alileta mkojo kwenye kikopo kilichokuwa kimekaa dirishani tangu alfajiri. Mama aliuliza saa ya kuchukuliwa, akatazama saa ya ukutani, akakirudisha. Mkojo ulioachwa kwenye joto ni shamba. Wachache waliopita njia huzaana humo wakafikia idadi ambayo mtu angeiandika kuwa ugonjwa. Mhudumu alinuna. "Nisamehe, mwanangu," Mama alimwambia, "lakini nikiupokea huu nitamtibisha mtu kwa ajili ya kikopo." Akampa kikopo kipya na kumweleza, kwa utulivu uleule, namna mgonjwa anavyopaswa kujisafisha, kuuacha mkojo wa kwanza upite na kukinga wa katikati.

Siku ya nne alipanga sahani tatu mezani, akazitazama kwa muda mrefu. Zilitoka wodi moja ya watoto wachanga. Zote zilikuwa na *Klebsiella*, vidoa vinono vyenye ute, na alipogusa kimoja kwa kitanzi na kukiinua, ute ulivutika kama bamia. Maduara ya dawa yalilingana kwenye sahani zote tatu. Watoto watatu ambao hawakuzaliwa na mama mmoja, mdudu mmoja. Alivua koti la maabara, akanawa, akaenda wodini mwenyewe pamoja na muuguzi wa kuzuia maambukizi. Hawakwenda kumtafuta mkosaji. Walisimama pembeni na kutazama mikono: ilikotoka, ilikogusa, ilikoelekea. Walichukua sampuli kwenye sinki, kwenye mizani ya kupimia watoto, na kwenye chupa ya maji ya mashine ya kufyonza makohozi. Chupa ile ndiyo iliyoota. Ilikuwa ikiongezwa maji kila siku na haikuwa ikimwagwa. Tangu siku hiyo humwagwa na kuchemshwa kila zamu, na chupa za kitakasa mikono zimefungwa kwenye kila kitanda badala ya moja mlangoni. Vienna mwaka 1847, Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari waliotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo katika wodi yake vikashuka kutoka 18 hivi kati ya kila 100 mwezi Aprili hadi takriban 2 mwezi Juni. Hakuwa na sahani ya kumwonyesha mtu. Mama alibeba zake tatu, akazishika mbele ya wauguzi vijana, na hakuhitaji kusema mengi.

Asubuhi ya mwisho nilimwomba aniangalizie rejesta ya mwaka ule wa mpwa wangu. Mdudu yule akishaingia kwenye damu, damu huoteshwa tena baada ya dawa kuanza, kuhakikisha ameondoka, na chupa hizo hukaa siku tano. Alipitisha kidole kwenye mistari mpaka akafika. Hakuna bakteria walioota, siku 5. Sahihi yake pembeni, na saa. Aliniachia nisome, kisha akalivuta daftari, akachukua sahani za siku hiyo alizokwisha kuzipaka, akazipindua kifuniko chini ili jasho la agari lisidondokee vidoa, na kuzipanga ndani ya kabati la joto mpaka kesho.